Msituchoree metro chini ya Lubumbashi, kwanza malizeni mtaro wa avenyu yetu

Bandugu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Tangu Jumapili picha za kuchorwa za metro, yaani treni ya chini ya ardhi, zinazunguka kwenye simu za watu hapa Lubumbashi. Mmeziona: stesheni ya vioo, ngazi za umeme zinateremka, treni nyeupe imesimama chini, watu wamevaa vizuri. Laini moja kutoka Ruashi mpaka katikati ya mji, nyingine inaenda Katuba, zote chini ya ardhi. Katika kundi letu la avenyu watu wameandika "Amina" na "hatimaye na sisi". Mmoja ameandika Lubumbashi itakuwa Paris. Aliyezituma kwetu ni mkubwa mmoja anayetafuta kura, na hakuweka hata mstari mmoja wa hesabu.

Mimi nimezisoma nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mama mkwe wangu. Mguu wake uko kwenye plasta. Alianguka mtaroni.

Mtaro huo ulichimbwa Septemba mbele ya nyumba zetu, hapa Kenya, komini moja ya mji wetu, siyo nchi ya Kenya. Walikuja na mashine, wakasema ni wa kupitisha maji ya mvua, wiki sita kazi itakuwa imeisha. Wakashuka mita mbili, wakamwaga zege upande mmoja tu, urefu wa parseli (viwanja) nne, wakaondoka. Sasa ni Machi. Mvua zote zimetukuta hivyo. Kila nyumba imejitafutia mbao zake za kuvukia, na mbao ikilowa inateleza. Mama ana miaka 71. Alikuwa anaenda kununua unga wa bukari tu. Mke wangu alikuwa anauza makala (makaa ya kupikia) na mafuta mbele ya mlango, wateja hawavuki tena, ameacha biashara. Nimeenda ofisini mara nne. Mara zote nne nimeambiwa shefu hayupo, rudi kesho.

Kwa hiyo mtu anayeshangilia metro namuuliza: unajua inajengwaje?

Mambo ya chini ya ardhi kwetu si hadithi. Papa, baba yangu, alifanya kazi ya pampu kwenye mgodi wa Kipushi, karibu na mji wetu, mpaka uliposimama mwaka 1993. Mgodi ule unashuka zaidi ya mita 1,000. Jioni akirudi alikuwa anatuambia: mwamba unaupiga mara moja, lakini maji unapigana nayo mpaka siku mtakapofunga. Nilikuwa mdogo, nikadhani analalamikia uchovu. Mwaka 2011 pampu za Kipushi ziliharibika na maji yakapanda mamia ya mita, yakazifunika kazi za chini. Ilichukua miaka kuyatoa, na uzalishaji ulirudi mwaka 2024 tu. Hapo tunasema juu ya mahali ambapo watu wameishi na kazi hiyo tangu mwaka 1924, baba kwa mtoto.

Sasa tuangalie chini ya miguu yetu wenyewe. Sehemu kubwa ya mawe ya huku ni dolomiti, yana nyufa na mapango yanayotunza maji, na maji ya Kimilolo yanayonywewa mjini yanatoka katika mawe ya namna hiyo. Kisima cha kwangu kina mita tisa. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, naweza kuteka kwa kamba fupi kabisa. Stesheni ya metro inashuka mita 20, pengine 30. Maana yake itakaa ndani ya maji kama chungu kilichozamishwa mtoni, mwaka mzima, miaka mia. Nani ametoboa ardhi kupima? Mashimo ya vipimo yako wapi? Mimi nazunguka mji huu kila siku kwa kazi yangu ya kutengeneza pampu, sijaona hata moja.

Na msidanganywe kwamba kazi yote itafanyika chini bila ninyi kusikia. Njia ya zamani ni kupasua barabara, kujenga handaki, halafu kulifukia. London ilifanya hivyo kutoka Paddington mpaka Farringdon, treni zikaanza mwaka 1863, na mwaka mmoja kabla yake mfereji wa maji machafu wa Fleet ulipasuka ukamwagika ndani ya kazi. Njia ya sasa ni mashine kubwa ya mviringo inayotoboa kama fuko na kupanga pete za zege nyuma yake. Hiyo kweli inapita chini ya nyumba. Lakini stesheni haitobolewi hivyo. Kwa kawaida stesheni inafunguliwa kutoka juu: wanashusha kwanza kuta za zege ardhini pande zote, ndipo wanaondoa udongo katikati. Ni kazi ya miaka, siyo miezi. Barabara inafungwa, nyumba za kando zinapimwa kila siku kama zinazama, na ukuta ukiwa na tundu moja tu, maji na mchanga vinaingia shimoni na kuacha uwazi chini ya majirani.

Hayo yametokea Köln, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009. Jengo la nyaraka za mji, lenye karatasi za zaidi ya miaka elfu, lilianguka pamoja na nyumba za jirani kando ya shimo la metro. Vijana wawili walikufa. Amsterdam, mwaka 2008, nyumba za zamani za Vijzelgracht zilizama kwa sababu ukuta wa stesheni ulivuja. Laini hiyo ina kilomita kama 10 tu, kazi ilianza mwaka 2003 na watu wakapanda treni mwaka 2018. Waholanzi, watu waliozaliwa wakipigana na maji!

Na sisi mtaro wa mita mbili hauna hata kamba ya kuzuia watoto.

Halafu kuna umeme. Handaki bila umeme ni kaburi. Pampu zinataka umeme, feni za hewa zinataka umeme, taa, milango, ngazi, vyote. Waya wa umeme wa bwawa la Inga unapita nchi nzima kilomita kama 1,700 mpaka Kolwezi, sisi huku nyumbani delestaji (mgao wa umeme) inatukata siku tatu mfululizo na nyama inaoza kwenye friji. Mwaka 2021, Zhengzhou, China, mvua ya saa chache iliingia katika handaki la metro na watu 14 wakafa ndani ya laini moja. Huko umeme upo na mafundi wapo. Hapa kwetu, ile njia ya kupita chini ya reli kuingia mjini, mvua kubwa ikinyesha inajaa. Januari gari nililopanda lilizimika humo, tukashuka maji yakiwa magotini, mama mmoja amebeba mtoto kichwani.

Msiniambie nasema Mwafrika hawezi. Mtoto wa fundi wa Kipushi hawezi kusema neno hilo. Cairo ina metro tangu mwaka 1987. Algiers walianza kuchimba miaka ya 1980, wakakwama kwa vita na pesa, wakaendelea, wakafungua mwaka 2011. Wanaoweza ni wale wanaoanza na wasiache. Addis Ababa walifungua treni ya mji mwaka 2015, nayo kwa sehemu kubwa inapita juu, rahisi kuliko chini, na miaka michache baadaye treni nyingi zilikuwa zimekaa gereji kwa kukosa vipuri. Nani atanunua vipuri vyetu mwaka wa kumi, wakati huyu wa picha ameshapata kura yake?

Kinachoniuma zaidi ni soko. Tazameni tena picha ya tatu. Stesheni ya Kenya imechorwa juu ya soko lenyewe. Pale wanauza mama zetu wanaoamka saa kumi ya alfajiri kupanga sombe na dagaa. Kwenye mchoro hawapo. Wamewekwa maua na viti. Aliyechora hakumuuliza hata mmoja wao ataenda wapi miaka yote ambayo shimo litakuwa wazi, wala nani atamlipa.

Mtu mwenye nia ya kutusafirisha angeanza na njia ya mabasi peke yake. Dar es Salaam wameanza yao mwaka 2016, ina matatizo, watu wanabanana, lakini basi linapita foleni imesimama. Mfanyakazi wa Ruashi anayepanda takisi-basi mbili na kulipa mara mbili hana haja ya vioo. Ana haja ya kufika kazini na kubakiza franka za mkate wa watoto.

Yaya mmoja, mkubwa wangu, ameniandikia pembeni ninyamaze, eti nitaonekana mpinzani wa maendeleo. Yaya, nakuheshimu, lakini wewe unaishi upande wenye lami. Njoo ulale kwetu usiku mmoja wa mvua usikie mtaro ukinguruma chini ya dirisha na ukuta wa parseli ukidondoka kipande kwa kipande. Ukuta wa jirani yangu wa kushoto umeshaenda wote.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye ofisi ya komini. Nina picha za mtaro 46, kila mwezi tangu Septemba, na karatasi ya hospitali ya mama. Nataka karatasi tatu kutoka kwao: jina la aliyepewa kazi, pesa aliyolipwa, tarehe ya kumaliza. Wa avenyu yetu, kujeni, hata watano wanatosha. Mwenye picha za ukuta kabla haujaanguka anitumie leo, nitazichapisha zote pamoja.