MREJESHO: TV inchi 65 kwenye ukuta wa fremu ya mbao, Tanga

Wakuu, niliwauliza namna ya kutundika TV ya inchi 65, kilo 25 hivi, kwenye ukuta wa jipsamu wenye fremu ya mbao, hapa Chumbageni. Sasa iko juu na imetulia. Ahsanteni sana.

Ushauri wa sumaku ndio ulioniokoa. Niliiburuza ukutani hadi ikanasa vichwa vya skrubu za jipsamu. Palipo na mstari wa skrubu uliosimama wima, nyuma yake pana mbao. Nikahakikisha kwa msumari mwembamba. Kumbe fundi alipanga mbao kila sentimita 60, na breketi (chuma cha kushikilia TV ukutani) ina upana wa sentimita 40, ingeshika mbao moja tu! Nikamfuata aliyesema nitangulize plaiwudi ya milimita 18 ivuke mbao mbili. Breketi niliifunga kwenye plaiwudi kwa bolti kabla ya kuipandisha, kisha matobo madogo, pima maji, na skrubu nene za spana hadi ndani ya mbao. Plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani, nilizosifiwa dukani, zimebaki kwenye pakiti. Jipsamu peke yake haibebi mzigo huo.

Kilichogoma ni nyaya. Nilitaka zipite ndani, lakini pana mbao ya mlalo na sikutaka kuikata. Zimepita nje kwenye tranki nyeupe (mfereji wa plastiki wa kufunika nyaya), mama watoto bado anaitazama kwa jicho la pembeni.

Breketi ya mkono wa kuvuta mliyonikataza nimeibadilisha, nikachukua bapa, isiyo na mkono. Upepo ukibamiza mlango TV hutikisika kidogo, kwa hiyo nimeweka kizuizi cha mpira mlangoni.