Wakuu, hiyo 3:12 ya albamu mpya ni matusi

Mleta uzi: Bendi siitaji, mnaijua, leo hakuna anayesikiliza kingine. Wimbo wa nne. Nendeni dakika ya 3 na sekunde ya 12. Gitaa moja la nyuzi za nailoni, jamaa ananong'ona, hadi pumzi unaisikia, umetega sikio ukisubiri ngoma zing'oe paa. Bendi nzima inaingia na sauti INASHUKA. Inashuka wakuu! Watu watano wameingia na vyombo vyao, chumba kimepoa kuliko alipokuwa mmoja na gitaa.

Mnong'ono wameupandisha hadi darini, ngoma zilipofika zikakosa pa kukaa. Kwenye dijitali sifuri ndiyo dari, hakuna ghorofa ya juu. Limita, ile inayozuia sauti isipite dari, ikakaba kila kitu shingo. Pigo la snea, ile ngoma ya mlio mkali wa "pa", uhai wake ni milisekunde chache za mwanzo, na hizo ndizo zilizofyekwa. Snea ya 3:12 ni mtu anapiga mto kwa kandambili.

Fungueni faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Mawimbi yanatakiwa yawe na milima na mabonde, haya ni ua wa michongoma uliopitiwa panga. Kipimo cha ukubwa wa sauti kinasoma -5 LUFS (ukikaribia sifuri ndivyo kelele inavyozidi), mnong'ono ukiwemo. MNONG'ONO UKIWEMO.

Halafu wahakiki. Albamu ina dakika 61, nyota tano zimemwagwa dakika ya 20 tangu itoke. Hiyo 3:12 mliisikia ndotoni?

Kandambili Mbili: Pole mkuu, kunywa maji kwanza. Ulisikilizia spika ya simu?

Nyuzi Sita: Mcheke tu, ila kipimo hakina ushabiki. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo hadi kama -14 LUFS. Albamu ya -5 inateremshwa desibeli 9. Yaani kelele yote waliyoitafuta inanyang'anywa mlangoni, mikwaruzo ndiyo inaingia. Wangeiacha limita iguse vilele vya snea desibeli 2 au 3 basi, dari wakaiweka -1, ngoma zingepiga kifua. Na mnapolinganisha miksi mbili, yaani vyombo vyote vikiwa vimeshachanganywa pamoja, sawazisheni sauti kwanza, maana sikio hupenda iliyo juu hata kama ni mbovu. Hapo ndipo maprodyuza wengi wanapojidanganya.

Mzee wa Kaseti: Haya tuliyaona 2008 kwa Death Magnetic ya Metallica. Nyimbo zilezile kwenye gemu ya Guitar Hero zilikuwa zinapumua, za kwenye CD zimekabwa. Mashabiki wakasaini ombi albamu irudishwe studio. Fundi wa masta, anayeipa albamu mguso wa mwisho baada ya miksi, akajitetea kwamba miksi ilimfikia ikiwa imeshapondwa. Kwa hiyo mkuu usimrukie wa masta, uliza nani aliketi kwenye miksi.

Mleta uzi: Sijamrukia mtu. Nimesema 3:12.

Ndoo Tupu: Snea ya mto unailalamikia? St. Anger ya Metallica haohao, 2003, nyaya za chini ya snea zimefunguliwa, ngoma inalia kama ndoo kwa dakika 75, na solo ya gitaa hakuna hata moja. Bado ikashika namba moja Marekani. Nyota tano zako ni za jana tu.

Besi Iko Wapi: Angalau nyie snea mnaisikia. Wenye besi tunaitafuta ndani ya ...And Justice for All, ya Metallica pia, tangu 1988. Ilipofanyiwa masta upya 2018 watu walishangilia, besi ikabaki kaburini. Masta inashika miksi iliyokwisha kufungwa, huwezi kumchomoa mtu mmoja humo ukampandisha.

Kandambili Mbili: Besi ni ile sauti ya friji?

Besi Iko Wapi: Ripoti imetumwa kwa mods.

Santuri Kwanza: Nunueni santuri, kelele ziishe.

Nyuzi Sita: Dakika 61 kwenye santuri moja? Upande ukizidi dakika 22 hivi, mifereji inabanana, inabidi sauti ishushwe na besi ipunguzwe. Hapo ni santuri mbili. Na mara nyingi wanakata kutoka faili lilelile lililopondwa, unanunua michongoma ileile kwa bei ya juu.

Ndoo Tupu: Na nyimbo za karibu na lebo ya katikati ya santuri lazima "s" zikwaruze.

Santuri Kwanza: Zinakwaruza kwa asiyepanga sindano. Umeweka uzito wa sindano gramu ngapi?

Ndoo Tupu: 1.2.

Santuri Kwanza: Na katriji, hicho kichwa kinachoshika sindano, inataka ngapi?

Ndoo Tupu: 1.8 hadi 2.2.

Santuri Kwanza: Hahaha. Sindano inaelea hiyo, inarukaruka mferejini inakula santuri. Wepesi unaharibu kuliko uzito. Weka 2 kamili kwa mizani, achana na namba za kwenye mkono.

Mzee wa Kaseti: 2 nyingi, 1.9.

Santuri Kwanza: Mzee bakia na kaseti.

Mleta uzi: Wakuu, 3:12?

Ndoo Tupu: Mkuu fungua uzi wako, hapa tunapanga sindano.