Mtoto kamaliza masomo yote kwenye kompyuta, 1/2 + 1/3 hajui! Nimechoka na hizi asilimia

Wakuu habari zenu, leo nimekuja na hasira kweli, mtanisamehe nikiandika kwa kurukaruka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Muhula huu tumeletewa programu ya kompyuta, mtoto anaingia na nywila yake, anafanya mazoezi, mfumo unasahihisha wenyewe halafu ofisini wanaangalia grafu. Kwenye grafu darasa langu linaonesha asilimia 96 imekamilika. Mkuu kafurahi, wazazi wamefurahi, mimi ndo usingizi umepaa.

Juzi nikakaa nyuma ya binti mmoja, nikawa namtazama tu anavyofanya. Swali linatokea, macho hata hayaligusi, kidole kiko kwenye mausi: jibu la kwanza, nyekundu. La pili, nyekundu. La tatu, kijani, nyota inawaka, twende linalofuata. Maswali kumi kayamaliza ndani ya dakika mbili na kapewa alama zote, maana mfumo unahesabu umefika mwisho, hauhesabu ulikosea mara ngapi njiani.

Nikampa karatasi na penseli, 1/2 + 1/3. Akaandika 2/5. Juu kajumlisha na juu, chini na chini. Nikamuuliza, mwanangu, ulikuwa na nusu ukaongezewa kitu, sasa hiyo 2/5 ni kubwa kuliko nusu au ndogo? Akakaa kimya muda mrefu, akachora mistatili miwili akaigawa, akanyanyua uso: "Mwalimu, imepungua." HAPO ndo somo lilipoanza jamani, na programu nzima haikuwahi kumfikisha hapo.

Mtoto simlaumu hata kidogo, kafanya kile mashine inachomlipa. Na hili tatizo ni la zamani mno. Miaka ya 1920 kule Marekani mwanasaikolojia Sidney Pressey alitengeneza mashine ya maswali ya kuchagua, ukiiweka upande wa kufundishia haisogei mpaka ubonyeze kitufe sahihi. Miaka ya 1950 akaja mwanasaikolojia mwingine, B. F. Skinner, na mashine yake, akashikilia kwamba mwanafunzi aandike jibu mwenyewe, kuchagua hakutoshi. Yaani huu ubishi ulishafanyika kabla wengi wetu hatujazaliwa, leo mtu anatuletea kilekile kwenye skrini ya rangi na anaita mapinduzi!!

Nimelisema kwenye kikao nikaambiwa napinga teknolojia. Mimi?? Mimi ndo natumia projekta kila wiki. Nachora mstatili kwenye skrini, naugawa, nawauliza kabla sijabofya, jibu litazidi nusu au halizidi, kila mtu aandike kwenye daftari lake na sababu, halafu nasogeza vipande wote wanaona 1/2 ni 3/6, 1/3 ni 2/6, na zikikaa pamoja zinakuwa 5/6. Aliyekosea anajua kakosea wapi. Ubaoni kwa chaki ningechora picha moja, kompyuta inanipa ishirini kwa kipindi kimoja na kila mtoto anaweza kuja kusogeza mwenyewe. Hiyo ndo kazi yake bana.

Mafunzo tuliyopewa yalikuwa asubuhi moja, na tulichofundishwa ni namna ya kubadilisha nywila na kupakua ripoti. Kuhusu kufundisha hesabu za sehemu (hizi 1/2 na 1/3) kwa kutumia hicho kitu hakuna aliyegusa, wala hakuna aliyeuliza walimu kabla ya kuinunua.

Ninachotaka ni kidogo sana. Mtoto aandike jibu, asibahatishe. Akikosea mara mbili aoneshwe picha au aitwe mwalimu. Na ile ripoti inioneshe makosa aliyoyafanya, maana 2/5 ya yule binti ingeniambia mengi kuliko hiyo 96.

Jumatatu natakiwa kusaini kwamba darasa limemaliza mada ya sehemu. Sisaini. Walimu mliokutana na hili mlifanyaje, mlimuelewesha vipi mkuu wenu?