Mwanafunzi kaandika "more clever", unamkata maksi kwa kosa gani?

Wadau hili tuliongee kwa uwazi. Kuna walimu wa Kiingereza wanasahihisha vivumishi vya kulinganisha utadhani kila neno lina jibu moja tu. Silabi moja weka -er na -est, silabi tatu kwenda juu weka more na most, sawa, hapo kwa sehemu kubwa hamna ubishi. Ngoma iko kwenye silabi mbili. Huyu kaandika more clever kakatwa eti jibu ni cleverer, yule kaandika commoner kakatwa eti lazima iwe more common. Mi napinga, zote nne ni sahihi na kamusi za maana zinazikubali, kuna inayotumika zaidi tu, na kutumika zaidi hakuifanyi nyingine kuwa kosa.

Cha kumfundisha mtoto ni kuangalia neno linaishiaje. Zenye -y kwa kawaida ni -er: happy happier, easy easier, busy busier, y inageuka i basi, na hii -y ina nguvu kiasi kwamba hata unhappy yenye silabi tatu inakubali unhappier. Halafu kuna zinazoishia -ful, -less, -ing, -ous, yaani careful, useless, boring, famous, hizo ni more na most, ukiandika famouser hapo nakata na mimi. Uhuru uko katikati, kwenye clever, polite, quiet, narrow, simple, na hata humo hazilingani maana simpler na quieter zimezoeleka sana wakati polite inaenda kotekote bila shida. Modern nayo iko hapohapo katikati kwa silabi lakini watu wanasema more modern. Ndo maana sheria ya kuhesabu silabi peke yake haitoshi!

Kuna wanaosema ukiruhusu njia mbili watoto watachanganyikiwa. Jamani, kinachomchanganya mtoto ni kuambiwa hili ni kosa halafu analikuta kwenye kamusi kesho yake, hapo anaacha kumwamini mwalimu au anaacha kuiamini kamusi, na yote mawili ni hasara.

Na wengine wanauliza, basi turuhusu na more easier? Hapana, hilo ni jambo jingine kabisa. Enzi za Shakespeare watu waliziweka zote mbili kwa pamoja na ilikuwa kawaida, ila Kiingereza sanifu cha leo kinataka uchague moja, kwa hiyo more easier na most happiest kata bila huruma.

Na kwa wanaotunga mitihani, kama unataka kupima sheria weka happy au useful, hazina utata. Clever usiiweke, au ukiiweka basi mwongozo wa kusahihishia uwe na majibu yote mawili.