Jumuiya ya Jumamosi asubuhi: kweli ni lazima?

Mpangaji wa Goba
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Nimehamia huku tangu Januari. Misa ya kwanza sikosi, zaka natoa. Juzi nimekwenda ofisi ya parokia kuandikisha mtoto abatizwe, nikaulizwa, "Uko jumuiya gani?" Yaani kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi. Nikabaki natazama. Nikarudishwa nikalete barua yenye sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti nimempigia simu, ananiambia, "Kaka, nitamwandikiaje mtu nisiyemjua?" Sasa nauliza, mimi nasali kwa Mungu au kwa mwenyekiti? Jumamosi saa 12 asubuhi ndiyo siku yangu pekee ya kulala.

Kijana wa Ubungo
Mkuu, kule ni michango tu. Leo ujenzi, kesho sare za sikukuu ya somo wa jumuiya, yule mtakatifu msimamizi wake. Mimi nilishatoka nduki.

Mama Chapati
Michango ipo, sitawadanganya. Kuna kipindi nikisikia wimbo unakaribia nazima taa, nalala kimya kama mwizi.

Lakini ngoja nikusimulie habari ya daftari. Sisi ni kaya 14, na katibu wetu ni mzee mmoja fundi cherehani, mahudhurio anaandika kwenye kaunta buku lililochakaa pembe. Mwaka 2019 mama yangu alipooza, nikaenda Songea kumuuguza miezi mitatu. Niliyemuaga ni jirani tu. Niliporudi, mzee naye akasafiri, daftari nikaachiwa mimi. Nikalifungua kutafuta jina langu. Wasiokuja wamepigwa alama ya mkasi. Kwangu, Jumamosi 12 mfululizo, kaandika kwa penseli: "Songea, anauguza." Ya tisa kaongeza, "mama ameanza kukaa." Kumbe kila Ijumaa jioni alikuwa anapita kwa jirani kuniulizia. Na mwenye nyumba wangu, niliyempangia miaka sita, hakujua hata kama nimeondoka, maana kodi nilishalipa.

Halafu hili mwenyekiti wako hakulitunga. Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi 1973 wakaamua Kanisa la huku kwetu lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, na 1976 wakalikazia tena. Padri anatazama mamia ya watu Jumapili, atamjuaje nani hajafungua mlango siku tatu? Ile sahihi maana yake ni "hawa nawajua." Sasa mwenyekiti wa watu hakujui, ulitaka aandike uongo kwenye ubatizo?

Kama ulikotoka ulikuwa na jumuiya, omba wakupe barua ya utambulisho. Itakupunguzia maswali.

Mlutheri wa Mbezi
Hata sisi KKKT tuna jumuiya za nyumba kwa nyumba. Nakiri kwetu mimi nilianza kwa kufuata chai.

Kijana wa Ubungo
Mama, hiyo ya daftari imenigusa. Ila wa kwetu alikuwa anaandika madeni tu.

Mama Chapati
Basi huyo mchagueni mwingine, mwanangu. Uchaguzi upo.

Mpangaji wa Goba
Mrejesho. Nimekwenda jana. Nilifika nimechelewa, wako kwenye Injili, nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Watu 11, wanaume tuko wawili. Aliyesoma somo ni yule dada anayeniuzia mkaa kila wiki, na jina lake nimelisikia jana kwa mara ya kwanza. Walipofika kwenye maombi, bibi mmoja akamwombea "mtoto wa huyu mgeni," na mimi sikuwa nimemwambia mtu kitu. Nadhani mwenyekiti alishawapa habari.

Barua bado sijapewa, nimeambiwa nihudhurie mara tatu kwanza. Hiyo ya tatu wameipanga nyumbani kwangu! Nina sofa moja na viti viwili. Huku viti vya kukodi vinapatikana wapi?

Mama Chapati
Usikodi kitu. Tandika mkeka, pindua ndoo. Na mama watoto mwambie asije akapika pilau, mtawapa taabu wa zamu inayofuata.