Dodoma: mkulima anayesubiri siku za dawa ziishe ndiye anayekula hasara. Mboga zetu anapima nani?

Mbukwenyi wakuu.

Nina hasira na sitaki kuificha. Nalima mboga Hombolo, matuta 40 ya mchicha na chainizi, na matembele pembeni. Wiki iliyopita nimepoteza oda ambayo ingenilipia ada ya muhula mzima, kwa kukosa karatasi moja tu inayosema mboga zangu hazina masalia ya sumu. Wala si kwamba zilipimwa zikakutwa na tatizo. Hazikupimwa kabisa, kwa sababu mtu kama mimi hana pa kuzipeleka.

Ilianza hivi. Jamaa anayesambaza chakula kwenye maofisi kule Mtumba alikuja shambani. Akatembea kwenye matuta, akaona ndoo zangu za mwarobaini nilizoloweka, akafungua na daftari ambalo naandika kila dawa ninayopiga na tarehe yake. Akaridhika. Akasema, "Kaka, nitachukua zako kila Jumatatu na Alhamisi, ila bosi wangu anataka cheti cha maabara." Nikamwambia sawa, nipe siku kumi.

Ofisi ya kwanza (siitaji, na msinilazimishe kuitaja huko kwenye komenti) nilifika saa tatu asubuhi na kilo mbili za mchicha na kilo mbili za chainizi kwenye mfuko wa karatasi. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa saba. Nilipoitwa nikaambiwa, "Mzee wangu, sisi hatupokei mboga za mtu binafsi, nenda ofisi fulani." Huko nako dada akaniambia kwa upole kabisa kwamba huduma hiyo wanaoiomba ni makampuni yanayosafirisha nje, kwamba sampuli itabidi isafirishwe kwenda mkoa mwingine ikiwa kwenye barafu, na akanitajia gharama. Tuta moja la mchicha nauza 5,000. Gharama ya sampuli moja ilikuwa inazidi matuta yangu yote 40. Nilirudi na mboga zangu zimenyauka, nikawapa mbuzi.

Siku ya kumi na mbili yule jamaa akanipigia. Ameshaanza kuchukua mboga sokoni. Nikamuuliza, hizo za sokoni zina cheti? Akanyamaza. Hazina, na hakuna aliyeziuliza. Mimi niliyefungua daftari nimeambiwa nithibitishe, na yule ambaye hajulikani hata shamba lake liko wapi anauza bila swali. Hapo ndipo damu ilipochemka.

Wakuu, hebu niwaeleze soko la mboga linavyopima ubora, maana wengi mnanunua fungu jioni bila kujua asubuhi kumetokea nini. Linapima kwa macho. Mchuuzi akija shambani anainama, anageuza jani, akiona matundu anaondoka. "Baba, huu una matundu, nitamuuzia nani?" Simlaumu mama wa watu, anajua wateja wake. Jani likiwa limetoboka na kiwavi, mteja wa Majengo au Sabasaba analiacha mezani. Likiwa zima, la kijani, linang'aa, linaondoka saa moja asubuhi. Lakini jani zima kabisa katika miezi hii ya ukame, wakati kila mdudu wa Hombolo amekimbilia kwenye bustani chache zenye maji, limefikaje pale bila kuguswa? Hakuna anayeuliza.

Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna. Zimeandikwa kwenye lebo: nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi, kulingana na dawa na zao. Sasa mchicha unakaa shambani wiki tatu mpaka nne tu. Ukipiga dawa ya siku 14 mchicha ukiwa na siku 15, ina maana unatakiwa ukae ukiutazama mpaka siku ya 29, wakati viwavi wamesharudi na mchuuzi amesimama na hela mkononi. Mwenye njaa anafanya nini? Anavuna. Wengine wanapiga jioni, asubuhi wanang'oa, maana jani lililopigwa jana halina mdudu hata mmoja. Nimeliona kwa macho yangu. Na sisemi wote tuko hivyo, ila aliyesubiri na asiyesubiri tunalipwa 5,000 ile ile, na mara nyingi aliyesubiri analipwa pungufu kwa sababu ya yale matundu.

Halafu hiyo lebo yenyewe. Dawa nyingi tunapimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu mkulima hana hela ya lita nzima. Chupa haina lebo, haina ule mkanda wa rangi chini unaokuonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kisha njano, bluu na kijani. Unaambiwa "weka visoda viwili kwa bomba". Wadudu wasipokufa unaweka vinne. Kwenye nyanya ndiyo balaa zaidi. Tangu kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, aingie nchini miaka kumi na kitu iliyopita, kuna watu wanachanganya dawa tatu kwenye bomba moja na kupiga kila wiki, maana yule kiwavi anakaa ndani ya jani na ndani ya tunda na dawa nyingi zimeshamshindwa. Ule unga mweupe mnaouona kwenye nyanya za tenga, mnaodhani ni vumbi la barabarani, mara nyingi ni dawa ya ukungu.

Mdogo wangu alikuwa kibarua kwenye shamba la nyanya. Siku moja akarudi nyumbani jasho linamtoka kama kamwagiwa ndoo, mate yanamjaa mdomoni, anasema haoni vizuri, mikono inamtetemeka. Alikuwa amepiga dawa tangu asubuhi, amevaa kandambili na fulana, bomba linavuja mgongoni. Wenzake walimnywesha maziwa wakidhani yanakata sumu. Maziwa hayakati sumu hiyo. Zile dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti zinazima kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, kwa hiyo mwili unabaki umewashwa wote kwa pamoja, misuli, tezi, mapafu. Anayepata kiasi kikubwa anaweza kufa kwa kushindwa kupumua. Tulimkimbiza zahanati, tukapelekwa mbele, akachomwa atropini, akapona. Namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza daftari.

Na zile nyanya alizopiga siku ile? Ziliondoka kwenye fuso kesho yake.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nchi hii mboga zinapimwa, na zinapimwa vizuri, zikiwa zinakwenda kwa Mzungu. Maharage machanga yanayolimwa Arusha na Kilimanjaro kwa ajili ya Ulaya yana kumbukumbu za kila bomba lililopigwa, kwa sababu wanunuzi wa kule wana kikomo. Dawa ambayo hawajaiwekea kiwango maalumu, kikomo ni miligramu 0.01 kwa kilo. Yaani gramu 1 ya dawa kwenye malori kumi ya mboga, kila lori tani kumi. Mwaka 2013 walianza kukagua asilimia 10 ya mizigo ya maharage mabichi kutoka Kenya kwa sababu ya dawa iitwayo dimethoeti, na majirani zetu walihangaika kubadilisha dawa na kufundisha wakulima upya. Mkulima ni yule yule mwafrika mwenye jembe. Alipojua anapimwa, alibadilika. Mtoto wa Ulaya analindwa na gramu moja kwenye malori kumi, mtoto wa Nkuhungu analindwa na macho ya mama yake anapochagua fungu.

Klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, wenzetu wa Ulaya waliifungia mwaka 2020 kwa hofu ya madhara kwenye ubongo wa watoto unaokua, na Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zikakubaliana kuiweka kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, ingawa wameacha mianya ya matumizi kadhaa. Nani ameniletea habari hiyo mimi mkulima? Hakuna. Nimesoma mwenyewe kwenye simu, usiku.

Msiniambie sheria haipo. Bunge liko hapa hapa mjini kwetu. Sheria ya Afya ya Mimea ilipitishwa mwaka 2020 na ikaanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake makuu Arusha. Kazi ya usalama wa chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Wizara ya Kilimo nayo iko Dodoma. Kwenye karatasi tumekamilika. Ninachotaka mimi ni meza, na mtu wa kuipokea kilo yangu ya mchicha, na bei ambayo mwenye matuta 40 anaiweza.

Najua watasema vipimo ni ghali. Cha maabara ni ghali kweli, nakubali. Mboga inakatwakatwa na kusagwa, inachukuliwa gramu 10, inatikiswa na kimiminika kinachoitwa asetonitraili pamoja na chumvi ili dawa itoke kwenye jani, inazungushwa kwa kasi, inasafishwa, halafu inaingizwa kwenye mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wake. Mashine hizo ni bei mbaya na zinataka umeme usiokatika na mtaalamu aliyesoma. Sawa. Lakini kipo kipimo cha haraka kinachotumia kimeng'enya kile kile kinachozimwa na dawa za oganofosfeti. Unachovya kipimo kwenye majimaji ya jani, unasubiri dakika chache, rangi isipobadilika inavyotakiwa ujue kuna sumu. Taiwan walianza kutumia vipimo vya namna hiyo miaka ya 1980, na Thailand vipo vya kubeba mkononi, vinatumika mpaka masokoni. Havikamati kila kitu. Dawa za jamii ya pairethroidi vinaziacha, na za ukungu pia zinahitaji njia nyingine, kwa hiyo maabara bado inahitajika kwa zile zinazotiliwa shaka. Lakini soko la jumla linaloanza saa kumi alfajiri lingeweza kupima mizigo kadhaa kila siku kabla jua halijachomoza. Mzigo uliokutwa na tatizo uzuiwe, mkulima atafutwe afundishwe, akirudia ndipo afungiwe. Na majibu yabandikwe ukutani, pale pale sokoni, mama anayenunua ayasome.

Kabla hamjaja na zile za "osha na chumvi, osha na siki": kuosha kwa maji yanayotiririka kunapunguza ile iliyoko juu ya jani, fanyeni, ni vizuri. Ila kuna dawa zinazonywewa na mmea zikazunguka na maji ndani ya shina na majani. Hiyo hata uioshe mpaka kesho haitoki. Na mkiacha kula mboga kwa kuogopa mtakuwa mmejiumiza kwa njia nyingine, sijaandika uzi huu ili watu wakimbie mchicha.

Mwarobaini umejaa Dodoma nzima, kila mtaa. Mbegu zake zikitwangwa, gramu 50 kwa lita ya maji, zikilala usiku mmoja na kuchujwa, zinazuia viwavi wadogo na vidukari vizuri tu ukipiga jioni na kurudia kila baada ya siku kadhaa. Hakuna bwana shamba aliyekuja kunifundisha, nilifundishwa na bibi mmoja wa Makutupora. Ila mwarobaini haukupi jani lisilo na tundu hata moja. Unakupa jani lenye matundu mawili matatu, ambalo mwanangu anakula na mimi nalala usingizi. Soko linanipiga faini kwa matundu hayo kila wiki, na sina karatasi ya kujitetea.

Nawasilisha.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Nimesoma komenti zote. Aliyesema wakulima ndio wauaji, nakuomba uje Hombolo ukae na mimi msimu mmoja, ubebe bomba, kisha tuongee. Aliyesema yuko Mpunguzi na ana tatizo hili hili kwenye zabibu, nimekutumia ujumbe faragha ndugu yangu, tukipata wenzetu kumi tunaweza kuchanga na kusafirisha sampuli zetu pamoja kwenye sanduku moja la barafu. Anayefanya kazi kwenye hizo ofisi na amekerwa na uzi huu, sijataja jina la mtu wala la ofisi, kwa hiyo nijibu kwenye hoja: kilo yangu ya mchicha niilete wapi, siku gani, kwa shilingi ngapi?

Alhamisi navuna matuta sita ya chainizi. Dawa ya dukani ya mwisho nilipiga siku 16 zilizopita, ipo kwenye daftari kwa jina lake na idadi ya visoda. Mwenye uwezo wa kuzipima popote pale aje achukue kilo mbili bure, na majibu yakitoka ayabandike hapa hapa kwenye uzi huu, yawe mazuri au mabaya.