Gumba limeumia, mafuta ya pikipiki ya theluji nayabonyezaje?

Swali: Habari zenu wakuu. Kano ya gumba langu la kulia ilikatika, ikashonwa. Daktari ameniruhusu kuendesha, lakini nikibonyeza kijiti cha mafuta dakika 10 tu, maumivu yanapanda hadi kifundo cha mkono. Mchezo huu naupenda mno kuuacha. Nifunge mafuta ya kuzungusha kama ya pikipiki ya kawaida?

Jibu: Pole sana ndugu. Ya kuzungusha hapana. Ukirushwa na tuta mwili unarudi nyuma, kifundo nacho kinazunguka, mafuta yanafunguka pale pale unapotaka yafunge. Mimi kijiti nimekigeuza kikakaa mbele ya usukani, nakivuta kwa vidole viwili kama breki. Baadhi vimeundwa vigeuke hivyo. Angalia chako kwanza.

Jibu: Waya wa mafuta nao usafishe. Wangu ulishika kutu, nikalaumu mkono bure! Kijiti kirefu kidogo nacho hupunguza nguvu ya kubonyeza. Ila springi usiiguse: ukiachia, kijiti kirudi chenyewe, tak, hata usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Jaribu injini ikiwa imezimwa. Kamba ya kuzimia injini ifunge mwilini.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimetoka kukiangalia sasa hivi, kinageuka! Kesho nakijaribu nikiwa na glavu zangu nene.